Mstari wa Mgongoni

Mabwawani, 3 Machi

Dada,

Gari limefika salama, mzigo haukufika salama. Mifuko ilikuwa imefungwa vizuri na kujaa hewa, na barafu ndani ya masanduku ilikuwa bado ngumu. Lakini zaidi ya nusu ya vifaranga wa kamba uliowapakia walikuwa wamelala ubavu ndani ya mifuko, chini kabisa, weupe kama chaki. Waliobaki walikuwa wakiogelea kama walevi. Niliwahamishia kwenye bwawa la kupokelea, na kufikia jioni wengi wao nao wakaelea.

Nilipima maji ya mfuko kabla ya kuyamwaga. Unakijua kile kipimo cha matone: maji yakibaki manjano ni safi, yakigeuka kijani kuna amonia. Yaligeuka kijani cha chupa ya soda. Nikapima mfuko mwingine, ikawa vile vile. Kwa hiyo wameuawa na uchafu wao wenyewe. Waliutoa, ukakosa pa kwenda, wakauvuta tena.

Ninachojiuliza ni kwa nini sasa. Msimu uliopita mizigo yako ilifika mizima na kamba wa maji baridi wakanipa sifa nisizostahili. Njia ni ile ile na masanduku ni yale yale. Kilichobadilika ni dereva. Simsemi vibaya shemeji yangu, ni mumeo na namheshimu. Nauliza tu anasimama wapi njiani na kwa muda gani, maana maji yakipata joto uchafu unaongezeka. Mtu hapewi jina la Taratibu bure.

Huku simu bado haishiki, kwa hiyo jibu lako litakuja na yeye mwenyewe, kama barua hii inavyokuja naye. Ndiyo sababu nimeipaka gundi.

Mwenye mabwawa hajaniuliza kitu. Ataniuliza.

Msalimie Baba. Nimefurahi kusikia ameacha jiko la shule na kuhamia kwako.

Mdogo wako

*

Kituo cha vifaranga, 10 Machi

Mdogo wangu,

Nimeifungua barua yako kwa kisu. Taratibu aliniangalia nikihangaika nayo, akauliza kama umetuma barua au umeziba tairi.

Nikujibu ulichouliza. Anasimama mara moja, kwenye kituo cha mafuta. Anaegesha kivulini, anakula mkate wake akiwa amesimama, anaendelea. Anaitwa Taratibu kwa sababu akiona shimo anapunguza mwendo, na mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka abebe mifuko ya maji.

Hapa maji yalitoka manjano. Nilipima mwenyewe wakati wa kupakia. Utaratibu wetu ni ule ule: wa safari tunawahamishia tangi la mwisho jioni, lenye maji mapya na lisilo na chakula, wanalala na njaa, asubuhi tunawapakia. Naomba ulielewe hili kabla ya kumtazama mtu yeyote kwa jicho baya. Kifaranga wa kamba hasubiri kwenda chooni. Amonia inamtoka kwenye matamvua, kila anapopumua. Akiwa na tumbo tupu inamtoka kidogo; akiwa ametoka kula inamtoka maradufu, na inaendelea hivyo kwa saa kadhaa. Tena akiwa mdogo ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mwili wake unakula na kukua upesi kuliko wa mkubwa.

Wewe unapaswa kulielewa kuliko wote. Umesahau ulivyokwenda bweni mara ya kwanza? Baba alikushindilia mayai na mkate na maziwa mpaka ukashindwa kufunga mkanda, na kabla lori halijamaliza kona za kwanza ukamtapikia utingo mapajani. Ukasafiri na harufu yako hadi mwisho. Mfuko wa vifaranga ni lori hilo hilo, ila halina dirisha.

Baba hajambo. Wiki za mwanzo alikuwa anakaa akiangalia mikono yake kama mtu aliyepoteza kitu. Sasa ameshika jiko. Chakula cha vifaranga anakipika yeye: mayai na maziwa, anayapika kwa mvuke mpaka yagande, kisha anayakamua kwenye chujio, matundu madogo kwa wadogo, makubwa kwa wakubwa. Mimi nilikuwa nachemsha mayai na kuyaponda tu. Aliitazama sufuria yangu akaniuliza nalisha watoto au naadhibu wafungwa. Ninakiri hawajawahi kukua vizuri namna hii.

Mzigo wa leo nimeuhesabu na kuukagua mwenyewe. Upokee kwa moyo safi.

Dada yako

*

Mabwawani, 11 Machi

Dada,

Moyo ulikuwa safi, maji hayakuwa safi. Kijani kile kile, vifo vile vile, na safari hii mwenye mabwawa alikuwa amesimama nyuma yangu mifuko ikifunguliwa. Hakupiga kelele. Aliokota mmoja aliyekufa, akamweka kwenye kiganja, akasema, "Huyu nimemnunua akiwa hai." Kisha akauliza dereva ni nani. Nikamjibu. Akauliza kama ni ndugu yangu. Nikamjibu hilo pia.

Anataka gari lingine. Nimemwomba aniachie safari moja zaidi kabla hajaamua, na amekubali, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamua.

Nilimuuliza shemeji mbele ya watu kama anafungua mifuko njiani. Akasema hapana. Nikamuuliza kama anabadilisha maji mtoni. Akasema, "Shemeji, mfuko ukifunguliwa hewa inatoka. Huo umejaa." Jibu zuri. Pia ni jibu la mtu aliyelitayarisha.

Jambo jingine dogo, labda wewe unalijua. Waliokuwa bado hai niliwatazama dhidi ya mwanga. Mwili wao ni kioo kitupu, lakini kila mmoja ana mstari mweusi mgongoni, kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani. Mimi nimezoea kamba wakubwa, na wale huwezi kuona ndani. Huu ni ugonjwa? Kama ni ugonjwa niambie mapema, nisije nikaambukiza bwawa zima.

Mdogo wako

*

Kituo cha vifaranga, 17 Machi

Mdogo wangu,

Si ugonjwa.

Mzigo huu ukifika, kabla ya kupima maji, kabla ya kuhesabu waliokufa, chukua walio hai, uwaweke kwenye glasi dhidi ya mwanga, uangalie mstari. Nijibu hilo tu. Upo au haupo.

Usimuulize Taratibu kitu mbele ya watu tena.

Dada yako

*

Mabwawani, 18 Machi

Dada,

Upo. Kwa wote. Safari hii ni mnene kuliko ule wa wiki iliyopita.

Maji sikuona haja ya kuyapima, nilinusa tu, lakini nimeyapima. Kijani cheusi. Karibu wote wamekufa.

Mwenye mabwawa amekwisha kuamua. Ana mtu wake mwenye gari, ataanza mwezi ujao. Barua ya kumwachisha shemeji nitaandikiwa mimi niitie sahihi. Kama kuna jambo unalolijua kuhusu huo mstari, huu ndio wakati wa kulisema. Nilidhani tunaandikiana ili kuelezana.

Mdogo wako

*

Kituo cha vifaranga, 24 Machi

Mdogo wangu,

Taratibu anakuletea wavu ulioagiza. Vifaranga hakuna. Sitapakia mpaka niseme.

Mstari ni utumbo. Ukiwa mweusi, umejaa. Vifaranga wako walikuwa wamelishwa asubuhi ya safari, baada ya kufunga usiku kucha, tena walishibishwa. Maji ya tangi langu yalibaki manjano kwa sababu tangi ni kubwa na wakati huo walikuwa ndiyo kwanza wamekula. Uchafu uliwatokea njiani, ndani ya mfuko.

Nimekwisha kumjua aliyewalisha. Nimeona kwa macho yangu. Si mtu wa kufukuzwa wala si mtu wa kuandikiwa barua. Kosa lihesabu kuwa langu, kwa kuwa kituo ni changu. Mwambie mwenye mabwawa kwamba dereva hahusiki, uache hapo.

Nakuomba usiniulize zaidi ya haya.

Dada yako

*

Mabwawani, 25 Machi

Baba shikamoo,

Nakuandikia bila kumpitia Dada, naomba barua hii ibaki kati yetu. Imefungwa kwa gundi, usishangae.

Unajua vifaranga wanafika huku wamekufa. Kuna mtu anawalisha kabla ya safari, na Dada anamjua lakini anamficha. Anasema si mtu wa kufukuzwa. Baba, pale kituoni mko watatu. Mke anamficha nani kama si mumewe?

Simwombei mabaya shemeji. Labda hafanyi kwa ubaya, labda anamaliza makombo yake ndani ya tangi bila kufikiri. Lakini kazi ya watu wote inaharibika, na mimi nitatia sahihi ya kumwachisha mwisho wa mwezi. Sitaki kuitia nikiwa nabahatisha. Wewe umekuwa ukiamka mapema maisha yako yote. Niangalizie asubuhi anafanya nini karibu na tangi la mwisho, kisha uniandikie ulichokiona, bila kupunguza.

Mwanao

*

Kituo cha vifaranga, 31 Machi

Mwanangu, marahaba.

Nimefanya ulivyoniagiza ingawa sikuipenda kazi yenyewe. Kumvizia mkwe wako mwenyewe nyuma ya pipa si jambo la mtu wa umri wangu.

Hawajapakia wiki hii, lakini nimemwangalia kila asubuhi, na asubuhi za safari zilizopita nazikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwepo. Mkwe wangu hagusi kitu. Anafika, anasalimia, anaosha mikono hadi kwenye viwiko kama daktari, anabeba masanduku. Makombo hana. Mkate wake anaufunga kwenye gazeti na kuuweka kwenye gari, na haufungui mpaka aondoke. Kama unatafuta mtu wa kumtilia sahihi, tafuta mwingine.

Kuhusu chakula, nikutoe wasiwasi. Dada yako ana kanuni yake ya kuwalaza vifaranga na njaa kabla ya safari. Yeye ndiye mtaalamu na sikutaka kubishana naye chini ya paa lake. Lakini nimepika katika shule ile tangu wewe hujazaliwa, na hakuna mtoto aliyetoka mikononi mwangu kwenda safari na tumbo tupu, awe wangu au wa watu. Tena hawa wakiwa na njaa wanatafunana, nimewaona. Kwa hiyo asubuhi, wao wakienda kuchukua barafu na mtungi wa oksijeni, mimi nawapa wasafiri chakula chao. Bakuli moja tu, laini, kimechujwa mara mbili. Wanakikimbilia kwa vile vijikono vyao hadi unacheka peke yako.

Niliposikia wanafika dhaifu nikaongeza kidogo. Safari ya mwisho niliwapa bakuli na nusu.

Basi ujue njaa haikuwaua. Chunguza kwingine, hasa hiyo mifuko ya nailoni.

Na wewe unakula? Mara ya mwisho shati lilikuwa linakuning'inia.

Baba yako

*

Mabwawani, 2 Aprili

Dada,

Nimeisoma barua ya Baba nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Naiweka humu uisome. Ilikuwa siri kati yake na mimi, lakini nadhani katika familia hii mimi pekee ndiye niliyekuwa sijui.

Nilikusoma vibaya, Dada. Uliandika "si mtu wa kufukuzwa" na mimi nikasoma "mume wangu". Ungeandika neno moja tu.

Nimekwenda kwa mwenye mabwawa kufuta nilichosema kuhusu shemeji. Sikumtaja Baba. Nilisema ni kosa la ulishaji kituoni na limejulikana. Akaniuliza, "Limejulikana au limekwisha?" Sasa masharti yake ni haya: mzigo mmoja. Ukifika hai, shemeji anaendelea na gari na wewe unaendelea kutuuzia. Ukifika kama ile mitatu, mtu wake anaanza, na vifaranga watanunuliwa kwingine.

Kwa hiyo niambie. Kwa nini humwambii tu mzee aache?

Mdogo wako

*

Kituo cha vifaranga, 7 Aprili

Mdogo wangu,

Nilimwambia. Jioni kabla ya mzigo wa tatu, baada ya barua yako ya mstari. Nilimkuta anaosha chujio.

"Baba, wa kesho wasile."

"Nimesikia."

"Hata kidogo."

"Nimesikia, mama. Mimi si kiziwi."

Asubuhi nikamtuma Taratibu peke yake akachukue barafu, nikabaki nyuma ya matangi. Baba aliingia na bakuli lake amelifunika kwa kitambaa safi. Aliwamwagia polepole, akizunguka tangi zima ili hata walioko pembeni wapate. Alikuwa akiwaambia, "Kuleni, njia ni ndefu." Kisha akalisuuza bakuli, akalifuta, akalirudisha kwenye rafu. Baba husema amesikia. Tangu tukiwa wadogo amekuwa akisema amesikia.

Ningeweza kutoka nikamshika. Ningemwambia nini? Kwamba kila kifaranga aliyekufa kwenye mifuko mitatu amekufa kwa mkono wake, na kwamba nusu bakuli aliyoiongeza ndiyo iliyomaliza waliobaki? Namjua. Asingejitetea. Angeniomba radhi, angeliweka bakuli juu kabisa ambako mkono wake haufiki, na asingepika tena maisha yake. Niliiona ile mikono ilivyokuwa alipotoka shuleni. Nikifunga mlango na kuondoka na ufunguo, ni kumwambia yale yale kwa kitasa.

Ndiyo maana nilipakia mzigo ule huku nikijua. Hilo ni langu, usimpe mwingine. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba barafu ikizidi wataweza kuvumilia.

Jina lake sikuliandika kwa sababu nilijua ungemwandikia. Na kweli ukamwandikia.

Taratibu anasema umwachishe tu. Anasema magari yapo mengi. Ameandika kitu chake mwenyewe, kimo ndani ya bahasha hii. Sijakisoma. Alikaa nacho mezani tangu chakula cha mchana.

Mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimzunguka Baba tulipokuwa watoto mpaka anakupa usichostahili. Tafuta njia.

Dada yako

*

7 Aprili

Shemeji,

Mimi si mtu wa kuandika, utanisamehe mwandiko.

Barua zenu zote nimezibeba mimi na sikufungua hata moja. Nilikuwa najua mambo yanakwendaje kwa kutazama unene wa gundi.

Mzee nilimwona safari ya pili. Nilirudi kuchukua turubai, nikamkuta na bakuli mkononi. Akaniambia, "Karibu mkwe." Nikamwambia, "Ahsante Baba." Nikachukua turubai nikatoka. Sikujua kama chakula kile ndicho kinachoua, mimi najua mambo ya gari. Nilipokuja kujua, ungetaka nifanye nini? Nimshitaki mzee kwa mtoto wake, kisha jioni nimpokee sahani anayonipakulia?

Ukinifukuza nitapata gari lingine. Sina neno.

Ila kuna jambo moja limenikaa. Maswali yako mbele ya watu yalikuwa ya kusema kwamba nasimama njiani. Sisimami. Nasimama mara moja tu, kivulini.

Taratibu

*

Mabwawani, 8 Aprili

Baba shikamoo,

Ahsante kwa kumwangalia shemeji. Nimeridhika naye na nimemwomba radhi leo, mbele ya watu wale wale waliosikia nikimuuliza maswali. Alisema, "Yamekwisha," akaenda kupima upepo wa matairi.

Sasa nina shida nyingine, na hii hakuna wa kuitatua ila wewe.

Vifaranga wanafika huku wamechoka, na hapa hakuna anayejua kuwapikia. Mimi nawamwagia chakula cha kiwandani, punje ngumu kama changarawe. Wanaizunguka, wanaigonga, wanaiacha. Ndivyo wanavyopokewa baada ya safari ndefu. Jiko lipo, mayai yanapatikana, chujio njoo nalo.

Naomba uje na mzigo ujao, ukae huku msimu huu uwapokee. Na kwa kuwa utawalisha wakifika, wakiondoka usiwape kitu. Nataka wafike na hamu. Anayekimbilia chakula nitajua ni mzima, asiyekikimbilia nitamtenga. Wakiwa wameshiba siwezi kujua.

Dada amenikumbusha safari yangu ya lori. Sijawahi kukuambia ilivyoisha. Asubuhi ulinipa kila kitu kilichokuwepo jikoni, na kilinitoka chote kabla hatujafika mbali. Tulipofika bweni jiko lilikuwa limefungwa. Nililala hivyo. Usiku ule sikuwaza mayai yako ya asubuhi. Niliwaza kwamba ungekuwa pale.

Mwanao

*

Mabwawani, 15 Aprili

Mwanangu,

Nimefika. Barua hii anakuletea mumeo kesho, baada ya kupumzika.

Huyo mumeo alininyima hata chai. Nilitoka na chupa yangu chini ya koti, akaiona, akaichukua kwa adabu zote na kuiweka nyuma ya kiti chake. Akasema gari hili lina kanuni moja, abiria wote wanafunga. Nikamwambia mimi si kamba. Akasema, "Ndiyo, mzee, lakini kona hazijui." Kwenye kituo cha mafuta aliegesha kivulini, akala mkate wake amesimama, hakunimegea. Tukaondoka. Hakusimama tena popote, hata nilipomwomba mara mbili kwa sababu za kibinadamu. Nimemweleza mdogo wako hivyo, na mwenye mabwawa pia, ili wote wasikie.

Mifuko ilifunguliwa mbele ya huyo mwenye mabwawa. Ni mtu mfupi, haongei sana, anatazama mikono ya watu badala ya nyuso. Mdogo wako alidondosha matone yake kwenye kichupa, tukangoja. Mimi sikujua tunangoja nini, nikangoja nao. Yalibaki manjano. Ukiyaweka kwenye jua kuna ukijani kidogo pembeni, si zaidi ya hapo. Waliokufa walienea kwenye kijiko cha chai. Mwenye mabwawa alimtazama mumeo, akasema, "Tutaonana wiki ijayo." Mumeo akasema, "Mungu akipenda," akaanza kukunja turubai. Alilikunja vizuri sana, akalikunjua, akalikunja tena.

Sijawahi kuwaona vifaranga wakiwa watupu hivi. Pale kwako nilikuwa nawaona tangini, kwa juu. Hapa mdogo wako aliweka mmoja kwenye glasi, na unaweza kusoma gazeti kupitia mwili wake. Alimweleza mwenye mabwawa mambo ya huo mstari wa mgongoni, maana ya kuwepo kwake na maana ya kutokuwepo. Alimweleza kwa sauti ndogo, akidhani mimi nimeshughulika na jiko. Nimefanya kazi kwenye jiko lenye kelele maisha yangu yote. Nasikia.

Sikumuuliza kitu, nawe usiniandikie kitu. Mmefanya vizuri.

Nilipika. Mayai ya huku ni madogo na maziwa ni mepesi, ilinibidi nipunguze maji. Nikawamwagia bwawani pembeni, polepole. Mwanzo hawakuja. Kisha akaja mmoja, akashika punje kwa mikono yote miwili kama mtu anayeshika kikombe cha moto, wakaja wengine. Mdogo wako akataka tuondoke, nikamwambia aniachie kiti. Nilikaa hapo nikiwachota kwenye glasi mmoja mmoja mpaka nikauona. Mstari unaanzia nyuma ya kichwa, unakwenda taratibu, unashuka mpaka mkiani.

Hapa nimepewa chumba chenye dirisha linalotazama bwawa la kupokelea. Mdogo wako amekonda, nitamshughulikia.

Bakuli langu liko kwenye rafu, kulia kwa mlango. Litumie kwa wanaobaki, na usisahau kuchuja mara mbili.

Wa safari usiwape kitu. Watakula wakifika kwangu.

Baba yako